Mwalimu Yosefina Ajifunza Kuuliza

Mwalimu Yosefina alikuwa na sauti ya darasani. Miaka kumi na minne alifundisha darasa la nne pale Ifakara, watoto themanini, mwaka mwingine tisini, madirisha bila vioo na malori ya mpunga yakipita nje, na aliyekaa dawati la mwisho alimsikia sawasawa na aliyekaa la mbele. Watu wa mtaani walimtania kwamba akimwamkia mtu sokoni, ng'ambo ya mto wanaitikia marahaba. Alicheka nao. Ilikuwa sauti ya kazi, na kazi aliipenda.

Mwaka 1993 akaletewa barua ya uhamisho kwenda Mlimba. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na nyumbani alibaki na mama yake mzazi aliyepooza upande mmoja, mtu wa kugeuzwa kitandani na kulishwa kwa kijiko. Aliandika barua tatu kuomba abakizwe. Akajibiwa kwamba uhamisho ni uhamisho. Basi akaacha kazi. Majirani walimlaumu, mtu anaachaje kazi ya serikali? Yeye aliwaambia mama si dawati, hahamishwi kwa barua.

Mwaka uliofuata ukaja mradi mmoja wa utafiti, ukapanga nyumba nyuma ya soko. Ulitaka kujua maisha ya kaya za bonde: watu wanaolala katika kila nyumba, wanacholima, watoto walio shule na walioacha, na zaidi ya yote, watoto waliozaliwa na waliokufa. Walitafutwa wadodosaji, yaani watu wa kupita nyumba kwa nyumba na fomu, kuuliza na kuandika. Aliyewahi kuwa mwalimu alipewa nafasi mbele ya wengine. Mdogo wake Yosefina alikubali kuja kulala na mama siku za vijiji vya mbali, na Yosefina akaingia kazini.

Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili katika ukumbi wa parokia. Msimamizi wao aliitwa Remigius, kijana wa miaka thelathini aliyesomea elimu ya jamii chuo kikuu, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Kila mmoja alipewa mwongozo wa kurasa arobaini uliotafsiriwa mjini na mtu ambaye hakuna aliyemfahamu. Ulieleza jinsi ya kubisha hodi, jinsi ya kujitambulisha, mahali pa kuweka alama na mahali pa kuandika tarakimu. Sheria moja ilipigiwa mstari: swali lisomwe kama lilivyoandikwa, neno kwa neno, mdodosaji asiongeze wala asipunguze.

"Mkibadilisha maneno," Remigius aliwaambia, "kila mmoja atakuwa ameuliza swali lake. Tutalinganisha nini na nini?"

Yosefina aliona ni haki. Aliufunika mwongozo wake kwa karatasi ya kaki kama alivyofunika vitabu vya shule, akausoma mpaka akaujua kwa moyo. Katika mtihani wa mwisho alipata tisini na sita, akawa wa kwanza.

Mwezi wa Agosti walipelekwa Sanje. Mavuno yalikuwa yameisha, watu wamerudi kutoka mashambani, na asubuhi ukungu ulitelemka kutoka milima ya Udzungwa mpaka kwenye migomba iliyo nyuma ya nyumba. Siku ya tatu, Yosefina alifika kwa mkulima mmoja aitwaye Adolf. Mwenyewe alikuwa amekwenda barabarani kuuza ndizi. Alikuwepo mkewe, Frida, mwanamke wa miaka ishirini na minne hivi, na mtoto wao wa kike, Violeth, wa miaka mitatu. Mama mkwe, Bibi Stefania, alikuwa jikoni akitwanga.

Mwongozo ulisema mhojiwa awe peke yake. Frida alimkaribisha chumba cha nyuma, wakakaa wawili juu ya mkeka, mtoto akatumwa nje kucheza. Kati ya chumba kile na jiko palikuwa na ukuta wa mabua. Kuhusu kuta za mabua mwongozo haukusema neno.

Maswali yalikwenda vizuri. Mashamba, elimu, maji. Mtoto mmoja, Violeth, yu hai. Ndipo likafika swali la ishirini na saba, na kwa kuwa mchi ulikuwa ukipiga nyuma ya ukuta, Yosefina akapaza sauti kidogo.

"Mbali na huyo, umewahi kuzaa mtoto mwingine yeyote aliyezaliwa hai, hata kama aliishi kwa muda mfupi tu?"

Frida aliangalia mikono yake. Mwongozo ulieleza kwamba mhojiwa akinyamaza, swali lirudiwe kwa sauti ya wazi. Yosefina akalirudia kwa sauti ya wazi.

"Ndiyo," Frida akasema. "Mmoja."

"Jina lake?"

"Dionisi."

"Alizaliwa mwaka gani, na wapi?"

"Themanini na saba. Kwetu, Mngeta."

"Aliishi muda gani?"

"Siku tano."

Yosefina akaandika tarakimu tano kwenye kisanduku chake, safi, katikati. Wakati ule ule alisikia kwamba mchi umenyamaza. Alidhani bibi amemaliza kutwanga. Akashukuru kama mwongozo ulivyoelekeza, akafunga fomu, akaenda nyumba ya pili.

Wiki tatu baadaye Remigius alimrudishia fomu ile. Kisanduku cha elimu ya mume kilikuwa kimeachwa wazi. Lilikuwa kosa dogo, la kwanza kwake, na lilimuudhi. Akapanda gari mpaka Sanje kulirekebisha.

Alimkuta Bibi Stefania amekaa kizingitini akimchana Violeth nywele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Mama Violeth."

"Hayupo. Amerudi kwao."

"Kuna mgonjwa huko?"

Bibi aliendelea kuchana. Mtoto alikunja uso, hakulia.

"Hakuna mgonjwa," bibi akasema. "Miaka minne amekaa ndani ya mji wangu hakuniambia kwamba alishazaa. Aliingia kanisani na shela, mimi nikapiga vigelegele. Wewe umekuja mara moja tu, umemuuliza, amesema. Nami nimesikia kwa masikio yangu. Umenisaidia, mwalimu. Asante sana."

Ile asante ndiyo iliyomuumiza. Angetukanwa angejua la kujibu. Alisimama pale na fomu mkononi, akamwangalia mtoto, na hakulikumbuka tena swali lililomleta.

Alirudi Ifakara jioni ile ile akamweleza Remigius. Naye hakupuuza. Alifungua mwongozo, akatafuta ukurasa, akamuuliza, "Mlikuwa peke yenu chumbani?"

"Peke yetu."

"Ulisoma swali kama lilivyo?"

"Neno kwa neno."

"Basi, mwalimu, utaratibu umefuatwa. Huna kosa."

Aliyasema kwa wema, kumtua mzigo. Lakini Yosefina alitoka ofisini akiwa mzito kuliko alivyoingia. Kama angeambiwa amekosea ukurasa wa kumi na mbili, angejua pa kutubia. Kitabu kizima kilimwambia amefanya vyema, na kule Sanje mtoto wa miaka mitatu alikuwa anachanwa nywele na bibi kwa sababu mama hayupo.

Jumamosi aliyopata nafasi, akapanda treni mpaka Mngeta. Aliuliza njia, akaelekezwa kwenye nyumba ya wazazi wa Frida, kando ya mashamba ya mpunga ambayo wakati ule yalikuwa mabua matupu. Frida alikuwa amepiga magoti akikandika ukuta, mikono imejaa udongo mpaka viwiko. Alimwona mgeni, akamtambua. Hakusimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Usiniamkie, mwanangu. Sistahili. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Shikamoo ni ya umri," Frida akasema. "Haina uhusiano na moyo. Itikia."

"Marahaba," Yosefina akaitikia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti haikutoka vizuri.

Frida alinawa, akamletea kigoda, yeye akakaa chini. Kwa muda waliwatazama kuku. Kisha Frida akaanza kusema bila kuulizwa.

"Swali lako halikuwa baya. Ningeweza kukujibu hapana, ukaandika hapana, ukaenda zako. Unajua kwa nini sikusema hapana?"

"Sijui."

"Yule mtoto alizaliwa nikiwa na miaka kumi na saba. Alipokufa, mama alinizika naye. Aliniambia, hili limepita, usilitaje, utakosa mume. Adolf peke yake ndiye niliyemwambia kabla hatujaoana, usiku mmoja, na hakurudia tena kulizungumza. Miaka saba, mwalimu. Halafu ukaja wewe ukaniuliza, jina lake? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jina lake. Likanitoka lenyewe."

Yosefina alifunika uso kwa kanga.

"Lakini," Frida akaendelea, na sasa hasira ikaingia, "uliniuliza kama unaita mahudhurio ya shule. Sauti imejaa nyumba nzima."

"Ningefanyaje? Niambie. Sisemi kwa kujitetea, nataka kujua."

Frida alifikiri. "Mgeni akiaga, mwenyeji anamsindikiza. Si ndivyo? Ungeyamaliza yale mengine yote, ya maji na ya mpunga, halafu ungeaga. Ningekusindikiza mpaka barabarani. Njiani hakuna mkwe, hakuna ukuta. Tunatembea, hatutazamani usoni. Hapo ungeuliza."

Yosefina akamwomba msamaha tena.

"Siwezi kusema nimekusamehe," Frida akajibu. "Nitakuwa nakudanganya. Violeth yuko kule. Kamlete Violeth, ndipo tuzungumze habari ya kusameheana."

Kwenye treni ya kurudi, Yosefina alitoa daftari dogo la kurasa thelathini na mbili, lile alilonunua kwa ajili ya hesabu za mradi, akaandika ukurasa wa kwanza: *Swali zito usiliulize ndani ya nyumba. Aga kwanza, usindikizwe.* Chini yake akaandika: *Kabla ya kukaa, angalia ukuta ni wa nini.* Alitaka kuandika la tatu, akashindwa.

Wiki iliyofuata Yosefina alimkuta Adolf barabarani Sanje, amekaa karibu na mikungu yake ya ndizi akingoja magari. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye haya. Yosefina hakumzungusha. Alimwambia yeye ndiye aliyeivunja nyumba yake, kwa uzembe wa sauti, na kwamba anajua Frida hakumficha mumewe kitu.

Adolf aliinama. "Ni kweli. Nilijua tangu mwanzo."

"Na mama yako alipomfukuza, ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Kwa nini?"

"Mama hakuniuliza kama nilijua."

Yosefina alimwangalia mwanaume yule mzima, na badala ya kumchukia akajiona mwenyewe na fomu yake. "Mimi ninakuuliza sasa," akamwambia, kwa sauti ndogo ambayo alikuwa bado anajifunza kuitumia. "Utamwambia?"

Hakupata jibu siku ile. Alirudi mara mbili. Safari ya tatu Adolf alimwambia kwamba amekwisha kumweleza mama yake, kwamba mama amekaa siku nne bila kula mezani pamoja naye, na kwamba kabla ya Krismasi atampeleka Violeth Mngeta kwa Frida. Alimpeleka. Frida mwenyewe alikataa kurudi Sanje, akasema hataingia tena nyumba ambayo ukuta wake unasikia. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Adolf ndiye aliyemfuata Mngeta, akakodi ekari mbili, akaanza upya. Bibi Stefania alibaki na mwanawe mdogo. Tangu hapo alipomwona Yosefina akija njiani aliingia ndani na kufunga mlango, na Yosefina hakumlaumu. Mwanamke yule naye alikuwa amepoteza mtoto kwa swali lile.

Kazi iliendelea. Mwaka 1995 wote Yosefina alizunguka vijiji, baiskeli, treni, mtumbwi, na daftari likajaa. Aliacha kupaza sauti. Aliuliza ya kawaida ndani ya nyumba, kisha akaaga, akasindikizwa, na njiani, wakitembea bega kwa bega, akauliza la ishirini na saba. Wanawake walisimama katikati ya njia. Wengine walichuma jani la mpunga wakawa wanalichana vipande vipande huku wakisema. Mmoja alimsindikiza karibu maili mbili kabla ya kujibu. Kila alipojifunza neno aliliandika: *Usiseme alikufa kabla mama hajasema. Usiandike wakati anasema, andika baadaye, lakini mwambie utaandika. Usimpe pole haraka, pole ya haraka inamnyamazisha. Akilia, simama naye. Usitazame saa.*

Hakumwonyesha mtu yeyote daftari lile. Alijua kwamba analifanya jambo lililopigiwa mstari lisifanywe.

Likajulikana lenyewe, kwa tarakimu. Mapema mwaka 1996 Remigius alimwita ofisini, akafunga mlango. Mezani palikuwa na karatasi ndefu za kompyuta. Alionekana hakulala.

"Mwalimu, nisaidie nielewe. Wenzako wakihoji wanawake mia moja, wanapata watoto kama tisa waliokufa siku za mwanzo. Wewe unapata ishirini na mmoja. Kijiji kile kile. Mwaka ule ule."

"Ndivyo wanavyoniambia."

"Kuna wadodosaji wanaojaza fomu bila kufika nyumbani kwa watu. Sisemi ni wewe. Lakini wakubwa wa mjini wataniuliza."

Katika maisha yake Yosefina alikuwa ameitwa mengi, mwongo hakuwahi kuitwa. "Kaangalie," akasema. "Chukua nyumba kumi katika zangu, mpeleke mtu mwingine akaulize."

Alipelekwa Samia, binti wa muuza duka mmoja wa pale Ifakara, mdodosaji makini, hodari wa kupiga taipu. Alikwenda nyumba kumi na mwongozo rasmi mkononi. Alirudi siku ya tano. Katika nyumba sita ambazo Yosefina aliandika mtoto aliyekufa, Samia alijibiwa: hapana, hakuna, hapana.

Remigius alimsimamisha Yosefina kazi siku ile ile. Hakuwa na hasira, na hilo liliumiza zaidi. Yosefina alirudi nyumbani, akamgeuza mama, akamlisha uji, akakaa. Aliwafikiria wale wanawake sita. Hakuwaza kwamba wamemsaliti. Aliwaza jinsi ilivyokuwa rahisi kwao kusema hapana, na jinsi hapana ile ilivyoandikwa vizuri, safi, katikati ya kisanduku.

Asubuhi alikwenda kwa Samia, wala hakwenda ofisini. Alimkuta dukani kwa baba yake akipima sukari. Akamwekea daftari juu ya kaunta.

"Soma," akamwambia. "Halafu rudi nyumba mbili tu. Mbili unazozichagua mwenyewe. Ukiona sivyo, mimi nitaandika barua ya kukiri."

Samia alisoma amesimama, wateja wakingoja. Alipofika ukurasa wa tano akaacha kupima.

Alikwenda kwa hiari yake, siku yake ya mapumziko. Nyumba ya kwanza alikosa watu. Ya pili, nje kidogo ya Ifakara, alikaa na mama mmoja wa makamo mpaka alasiri, akamsaidia kuanua mpunga, akaaga. Mama akamsindikiza. Samia alimsimulia Remigius kesho yake, akiwa bado na macho mekundu. "Tulipofika kwenye daraja la miti nikamuuliza. Akaniambia, juzi ulikuja na makaratasi, nikaona huyu ana haraka. Halafu akanitajia. Msichana. Siku mbili. Aliitwa Kadija, jina la jirani aliyemzalisha."

Remigius alizitoa fomu mbili, ya Yosefina na ya Samia, akaziweka sambamba. Jina lile lile. Siku mbili, na siku mbili. Alizitazama muda mrefu. Halafu akauliza, "Hilo daftari liko wapi?"

Hakuomba radhi kwa maneno siku ile. Alikwenda kwa Yosefina kwa miguu, akamsalimu mama yake kitandani, akaketi nje kwenye mkeka akasoma kurasa zote thelathini na mbili, na alipomaliza akasema, "Mwalimu, mimi nilifundishwa kwamba tukiuliza kwa namna moja tutapata ukweli mmoja. Tumeuliza kwa namna moja, tukapata uongo mmoja." Kisha akasema kwamba anataka kufanya daftari hilo kuwa kitabu.

Lilichukua karibu mwaka. Remigius alipanga sura, akaongeza zinazohusu fomu, hesabu na siri za mhojiwa. Samia alipiga taipu kwenye stensili. Yosefina alikataa baadhi ya maneno. Kila walipoandika "mhojiwa" aliuliza, "Huyu ni nani? Mama, baba, au mwanafunzi? Sema." Mara mbili waligombana, mara ya pili kwa nguvu, kwa sababu Remigius alitaka kitabu kianze na maelezo ya nadharia na Yosefina alitaka kianze na mlango wa nyumba. Walikubaliana kianze na kosa.

Kwa hiyo ikabidi Yosefina aende Mngeta. Frida alikuwa na mtoto mwingine mgongoni, na Violeth alikuwa ameanza chekechea. Yosefina alimweleza: kitabu kitasomwa na wanafunzi wa vyuo, walimu, maofisa wa ustawi wa jamii, watu wote ambao kazi yao ni kuingia nyumba za watu na kuuliza. Anataka kuandika kilichotokea Sanje. Akikataa, hakitaandikwa.

"Andika," Frida akasema baada ya kufikiri. "Jina langu usiliweke. La mtoto liweke."

"Una hakika?"

"Lisomwe. Liko wapi pengine?"

Yosefina hakuuliza kama amesamehewa. Frida alimsindikiza mpaka stesheni, mwendo mrefu, na njia nzima walizungumza habari za mpunga.

Kitabu kilitoka mwanzoni mwa 1997, kurasa sitini za karatasi ya kudurufu, kimebanwa kwa pini, jalada la bluu. Kiliitwa *Kumuuliza Mtu Nyumbani Kwake: Mwongozo kwa Wanafunzi na Wafanyakazi wa Jamii*. Wakubwa wa mjini waliandika jalada kwa jina la mradi. Remigius alipinga kwa barua, hakusikilizwa. Ndani, ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, Samia aliingiza mstari mmoja: Umetokana na daftari la Mwalimu Yosefina wa Ifakara. Yosefina aliuona, akasema ukubwa wa herufi unatosha.

Mwishoni mwa mwaka ule ikaja mvua ile ambayo watu wa bonde bado wanaihesabia miaka. Mto ulipanda, mashamba yakazama, reli ikakatika, na mama yake Yosefina akafariki mwezi wa Januari wakati njia zimejaa maji, akazikwa na watu wachache walioweza kufika. Remigius alivua viatu akaja amebeba mchele kichwani. Mwaka 1999 mradi ukafungwa. Remigius alipata kazi Dodoma. Samia aliolewa Morogoro. Ile nyumba nyuma ya soko ikawa ghala, na maboksi mawili ya vitabu vilivyobaki yakapelekwa kwa Yosefina kwa mkokoteni.

Watu walikuja kuvitafuta. Wanafunzi wa ualimu waliotumwa kufanya mazoezi, wauguzi, katekista mmoja. Yosefina hakukitoa kitabu kwa mtu aliyesimama. Ilibidi ukae, umweleze nyumba moja uliyowahi kuingia na kushindwa kuuliza.

Mwezi wa Oktoba mwaka uliofuata akaja mwalimu mmoja mtu mzima, Nazari, wa miaka hamsini na zaidi, naibu wa mkuu wa shule fulani upande wa Mngeta. Msichana wa darasa la sita, hodari, alikuwa ameacha shule ghafla. Nazari alikuwa amekwenda kwa wazazi wake mara mbili, hawakumwambia sababu. Yosefina alimpa kitabu. Alikisoma, akaenda. Baada ya wiki akarudi, amechoka, vumbi mpaka magotini, kitabu mkononi.

"Nimefanya yote, mwalimu. Nilikaa, niliaga, baba yake akanisindikiza. Nikamuuliza njiani. Hakunijibu."

"Alisema nini?"

"Alisema mpunga mwaka huu utachelewa."

"Mlitembea mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye mifereji ya mpunga."

Yosefina alimmiminia chai. Nazari alikunywa akitazama chini, mtu mzima aliyejiona ameshindwa mtihani.

"Kitabu hakisemi nifanye nini kama hajibu," akasema hatimaye.

"Hakisemi," Yosefina akakubali. "Sikulijua wakati ule."

"Sasa unalijua?"

"Silijui. Ila baba huyo alikusindikiza mpaka kwenye mifereji. Kwao na mifereji ni mbali?"

Nazari alifikiri. "Mwendo wa saa nzima."

"Saa nzima," Yosefina akarudia. Akainuka, akachukua kikombe chake kilichokwisha. "Rudi kwake Jumapili, baada ya misa. Usiende na kitabu."

Nazari akaaga. Yosefina akamsindikiza mpaka barabara kubwa, wakangoja gari pamoja.